Tunda Damu Halina Damu

Ukishuka basi Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kabla hujapata pa kuweka begi utakuwa umeshaonyeshwa sahani ya matunda damu. Yamepangwa manne manne, yanang'aa, na moja limepasuliwa makusudi ili juisi yake nyekundu ionekane. Muuzaji hana haja ya maneno mengi. "Chukua mama, haya yanaongeza damu." Mama mwenye kadi ya kliniki kwenye mkoba anatoa noti. Simlaumu muuzaji. Jina la tunda ndilo tangazo lake, na hakulitunga yeye.

Mimi ni mtu wa maabara. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutoboa vidole vya watu wa mji huu na vijiji vyake, kuchukua tone moja, kuliingiza kwenye mashine na kusoma namba. Nimewapima watu waliokunywa rozela kutwa mara tatu miezi mizima, waliosaga matembele mabichi na nyanya, waliokunywa bitiruti mpaka mkojo ukageuka rangi wakaja mbio wakidhani wanakojoa damu, na waliopewa siri ya mvinyo mwekundu na mashemeji zao. Mara nyingi namba nimeikuta palepale ilipokuwa. Watu hawa walihangaika kweli, ila walianza na "ninywe nini?" kabla ya kuuliza "damu yangu inapotelea wapi?"

Tuanze na hiyo rangi. Damu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, protini iliyoshikilia madini ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachobeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda kila kona ya mwili. Wekundu wa bitiruti, wa rozela na wa tunda damu ni rangi za mimea tu, wala hazina undugu na chuma. Mvinyo nao, hata ungekuwa mwekundu kama wino, ni pombe. Tunda damu lina kazi yake nzuri nitakayoieleza tukifika mezani, lakini kazi hiyo si ile inayotangazwa stendi.

Hapa Makambako tunajua habari za chuma chakavu. Gari likifa, hakuna bati wala nati inayotupwa. Kila kipande kinapimwa, kinauzwa, kinayeyushwa, kinarudi barabarani kwa sura nyingine. Mwili ni bahili hivyohivyo. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini mwote, uzito wa msumari mdogo. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, ikifa chuma chake kinachukuliwa na kutengenezea chembe mpya. Kwa siku mwili hupoteza miligramu 1 tu, na hufyonza kiasi kama hicho kutoka kwenye chakula. Sasa angalia upande wa pili wa hesabu: kila mililita 2 za damu inayotoka nje hubeba karibu miligramu 1 ya chuma. Kijiko kimoja kidogo cha chai cha damu ni sawa na upotevu wa siku mbili, tatu. Ndiyo maana mtu mzima akipungukiwa chuma, mimi humuuliza kwanza habari za kutoka kabla ya habari za kuingia.

Akiba huisha polepole, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Chuma cha ghalani, kilichohifadhiwa kwenye ini na kwingineko, huisha kwanza, wakati namba ya damu bado ni nzuri. Baadaye chembe mpya zinaanza kutoka ndogo na zilizopauka. Namba ya hemoglobini, ile tunayoiita HB, hushuka mwisho kabisa. Mwili umeshazoea taratibu, na mtu anakuambia hajambo, "ila nachoka". Anahema akipanda na ndoo. Moyo unadunda akilala. Kichwa chepesi akiinuka, naye anasema ana presha ya kushuka, jina ambalo mtaani tumelipa kila kizunguzungu. Pembe za mdomo zinachanika. Kucha zinalainika na kubonyea katikati kama kijiko. Asubuhi ya Julai, watu wakisalimiana "kamwene" huku mvuke ukiwatoka mdomoni, sote tunasikia baridi; yeye amevaa makoti mawili na vidole bado ni barafu.

Kuna dalili moja ambayo watu huificha kwa aibu: hamu ya kutafuna visivyo chakula. Udongo wa sokoni, ule wa vijiti unaoitwa pemba, mchele mbichi, barafu, hata majivu. Tumezoea kusema ni mambo ya mimba. Wakati mwingine ni kweli, lakini hamu hiyo inaambatana mno na upungufu wa chuma kiasi kwamba mtu akiniambia anakula udongo, mimba au bila mimba, namwomba kidole. Udongo wenyewe unaweza kukamata chuma cha chakula tumboni kisifyonzwe, na kama umechimbwa mahali pachafu unaleta mayai ya minyoo. Wazee wetu waliona uhusiano huo zamani. Neno safura, ambalo leo tunalitumia kwa minyoo inayonyonya damu kwenye utumbo, walilitumia kwa mgonjwa aliyepauka na kuvimba, na mara nyingi walimtaja pamoja na kula udongo.

Basi nenda ukapimwe. Kuangalia ndani ya kope na kiganja cha mkono ni jambo jema, fanya hata nyumbani. Ukiona weupe kama karatasi, usingoje kesho. Lakini macho hukamata upungufu mkubwa tu, ule mdogo na wa kati huponyoka. Kipimo cha HB kinapatikana zahanati, kituo cha afya na hospitali, na majibu hutoka ukiwa bado umekaa kwenye benchi. Mipaka ni hii, kwa gramu kwa desilita: mwanamume 13, mwanamke asiye mjamzito 12, mjamzito 11, ingawa miezi mitatu ya katikati huhesabiwa 10.5. Mtoto wa miaka miwili hadi mitano ni 11, na mdogo zaidi ya hapo 10.5. Chini ya 8 kwa mtu mzima, au chini ya 7 kwa mjamzito na mtoto mdogo, ni upungufu mkali. Hapo hakuna kurudi nyumbani kujifikiria.

Sasa kuna jambo la kwetu sisi watu wa baridi ambalo makala za afya hazilisemi, pengine kwa sababu nyingi zinaandikwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Makambako iko juu, zaidi ya mita 1,600. Njombe mjini, makao makuu ya mkoa wetu, ni zaidi ya mita 1,900. Huku hewa ni nyepesi, na mwili hujitetea kwa kutengeneza hemoglobini nyingi zaidi. Kwa hiyo namba zetu zinapaswa kuwa juu kuliko za Tanga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema anayeishi kati ya mita 1,500 na 1,999 aondoe 1.1 kwenye namba yake kabla ya kuilinganisha na mipaka niliyoitaja. Mwanamke wa mtaa wa Majengo hapa Makambako akisoma 12.5 anaambiwa "damu ipo" na kufurahi. Toa 1.1, inabaki 11.4. Damu haipo. Nakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo kazini niliandika namba tupu na kuwaruhusu watu wa aina hiyo waende zao. Sijui ni wangapi. Siku hizi naandika namba mbili, ya mashine na ya mlimani.

HB ikiwa chini, bado hujajua kama ni chuma. Hili nalisisitiza kwa sababu vidonge vya damu vimekuwa jibu la kila weupe. Upungufu wa damu ni kama mgeni aliyepiga hodi: umejua kuna mtu, hujajua ni nani. Inaweza kuwa malaria, selimundu, figo, kifua kikuu, upungufu wa folati au vitamini B12, ugonjwa wa muda mrefu, au chuma. Ukiweza, omba picha kamili ya damu, ile wanayoiita FBP. Karatasi itakuja na herufi nyingi. Wewe tafuta MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Ikiwa chini ya 80 kwa mtu mzima, chembe ni ndogo, na chuma kinakuwa mshukiwa wa kwanza. Kipimo cha feritini ndicho kinachochungulia ghalani. Chini ya 15 kwa mtu mzima maana yake ghala ni tupu. Ila feritini ina udanganyifu wake: ukiwa na homa, kidonda au maambukizi, hupanda yenyewe na kuonyesha ghala limejaa wakati ni vumbi. Kwa hiyo usiipime siku ya mafua makali, au mwambie daktari unaumwa nini.

Feritini haipatikani kila mahali na ina gharama. Ndiyo maana daktari wa zahanati mara nyingi hufanya jambo la busara: akiona HB ya chini, hana shaka ya selimundu wala malaria, na historia inaelekea kwenye chuma, anakupa vidonge na kukwambia urudi baada ya wiki nne. Namba ikipanda kwa 1 au 2, chuma kimekiri chenyewe. Tatizo ni kwamba wengi hawarudi.

Tuje kwenye swali la damu inapotelea. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa, jibu la kwanza ni hedhi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022, wanawake 42 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mwanamke hukuambia hedhi yake ni ya kawaida kwa sababu hajawahi kuwa na nyingine, na mama yake alikuwa hivyo pia. Mimi nauliza vingine. Unabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili? Unaamka usiku kubadilisha? Inazidi siku saba? Yanatoka mabonge? Ukijibu ndiyo, hata kwa moja, vidonge vya chuma peke yake ni sawa na kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Nenda kwa daktari wa wanawake aangalie kama kuna uvimbe kwenye kizazi. Na kama umewekewa kitanzi cha madini ya shaba, fahamu kwamba kinaweza kuongeza damu ya hedhi. Zipo njia nyingine za uzazi wa mpango zinazoipunguza. Kaulize, usikitoe kwa hasira.

Mwanamume je? Hapa ndipo nakuwa mkali kidogo. Mwanamume hana hedhi, na mwanamke aliyekoma hedhi pia. Mtu wa namna hiyo akipungukiwa chuma, chukulia kwamba anavuja tumboni mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nakumbuka kijana mmoja wa kupakia mbao, kifua kama mlango, aliyekuja na HB ya 7 na kitu. Alikuwa akimeza diclofenac kila jioni kwa ajili ya mgongo, mwaka wa pili huo, na kinyesi chake kilikuwa cheusi, kinanata kama lami. Alidhani ni maharage. Dawa hizo za maumivu huchubua tumbo, na anayezimeza bila chakula, juu ya ulanzi wa jioni, anajitengenezea kidonda taratibu. Vijana wa mbao na wa viazi vya lumbesa, hii ni yenu. Na mzee mwenye miaka zaidi ya 50 anayepungukiwa damu bila sababu anahitaji kuangaliwa utumbo kwa kamera, hata kama ni kusafiri mpaka hospitali kubwa. Saratani ya utumbo hujitambulisha hivyo wakati mwingine, kwa weupe tu, bila maumivu.

Minyoo nayo ina sehemu yake, ila si kila mnyoo mnywaji wa damu. Tegu wa nguruwe, ambaye mikoa yetu ya kusini inamjua vizuri, ana madhara yake makubwa, lakini siye anayekausha chuma. Mnyoo wa safura ndiye, huyo anayepenya kwenye nyayo za mtu anayekanyaga udongo wenye kinyesi. Dawa yake ni rahisi, na mjamzito hupewa baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita.

Kwa mjamzito hesabu inabadilika kabisa. Mimba moja inadai karibu gramu nzima ya chuma, robo ya msumari wote, kwa ajili ya mtoto, kondo na damu ya ziada ya mama. Hakuna sahani ya Njombe itakayoleta hicho kwa miezi tisa, ndiyo maana kliniki inatoa vidonge vya chuma na folati kwa kila mjamzito hata kama HB yake ni nzuri. Anza kliniki mapema, mimba ikiwa changa, kwa sababu ukianza mwezi wa saba umebakiwa na muda mchache wa kujaza ghala. Endelea kumeza wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, aliyeingia leba na 12 na aliyeingia na 8 hawako kwenye hatari moja. Muulize pia mkunga kama atasubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kubana kitovu. Damu inayoingia kwa mtoto katika dakika hizo ni akiba yake ya chuma ya miezi ya mwanzo.

Akiba hiyo huisha mtoto anapofika kama miezi sita. Na hapo tunafanya kosa kubwa katika mkoa unaolisha nchi viazi na mahindi. Takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na nchi nzima watoto 59 kati ya 100 wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Ukiingia nyumbani asubuhi utaona kwa nini: kikombe cha chai ya rangi na kiazi. Mchana uji mweupe wa sembe. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu kabla ya mwaka mmoja nayo hayana chuma cha maana, na humshibisha mtoto asile kingine. Mpe uji wa kimea, ulezi uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa. Kuotesha huvunja vitu vinavyokamata chuma kwenye nafaka. Togwa ya bibi ilikuwa na sayansi ndani yake. Ponda maharage pamoja na kiazi, saga dagaa uchanganye, mpe ini kidogo.

Hata hivyo usikimbilie duka la dawa kununua sharubati ya chuma ya mtoto kwa kumtazama tu. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa chuma na folati watoto wa mwezi 1 hadi 35, bila kuchagua nani anahitaji. Watoto zaidi ya 24,000 walishiriki. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walilazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na inaelekea chuma cha ghafla kilimnufaisha adui pia. Lakini watoto ambao kweli walipungukiwa chuma, waliofuatiliwa na kutibiwa malaria kwa karibu, walinufaika. Njombe ina malaria kidogo sana, kwa hiyo hofu hiyo kwetu ni ndogo. Ila kama mtoto ametoka sehemu za joto kama Usangu au Kyela kwa bibi yake, apimwe malaria kwanza.

Malaria ikiwa mbali, tuna la kwetu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Virusi vyenyewe, na magonjwa yanayofuatana navyo, hupunguza damu. Lakini nataka kusema jambo dogo la saa. Wengi sasa wanameza kidonge kimoja kwa siku kinachoitwa TLD. Ndani yake mna dolutegravir, na chuma kikikutana nayo tumboni huikamata isifyonzwe. Matokeo yake ni dawa ya virusi kupungua nguvu bila mtu kujua. Meza TLD saa 2 kabla ya kidonge cha chuma au saa 6 baada yake. Ukishindwa kupanga saa, vimeze vyote pamoja na chakula kamili. Mweleze muuguzi wa kliniki ya VVU, na wa ile iliyokupa chuma, unameza nini. Hiyo siri ikikaa kati yako na kabati, inakuumiza wewe.

Tumefika mezani. Chuma cha nyama, ini na samaki hufyonzwa kwa urahisi, kati ya asilimia 15 na 35. Cha maharage, mchicha, mnafu na nafaka hufyonzwa kwa shida, mara nyingi chini ya asilimia 10. Hii haina maana uache maharage. Nyumba nyingi hazina nyama ya kila siku, nami sitaandika ushauri wa watu wa mabucha. Maana yake ni kwamba kilichokaa pembeni ya maharage ndicho kinachoamua. Konzi ya dagaa wa Nyasa, wale wanaopanda kutoka Ludewa, ikichanganywa na maharage husaidia hata chuma cha maharage kifyonzwe. Simbilisi anayekimbiakimbia jikoni ni nyama pia, msimwone mdogo. Na vitamini C hufanya kazi hiyohiyo, hapo ndipo tunda damu linapolipa noti ya mama wa stendi: kula moja pamoja na maharage, au pera, au kamulia ndimu kwenye mboga. Ini ni zuri, ila mjamzito asilile kila siku, lina vitamini A nyingi mno kwa mtoto tumboni.

Halafu chai. Tunaishi kwenye mkoa wa chai, Luponde na Lupembe ziko hapo, na kumwambia Mbena, mwenyeji wa huku, asinywe chai wakati wa Juni ni kutafuta ugomvi. Sikwambii uache. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha mimea kisifyonzwe, kahawa vilevile, na rozela ina vitu vya jamii hiyohiyo. Tenganisha tu. Kula, subiri saa moja au zaidi, kisha unywe chai yako kwa raha. Kwa mtoto mdogo, chai haina nafasi kabisa.

Ukipewa vidonge, vimeze kwa maji, ikiwezekana tumbo likiwa tupu, na kitu chenye vitamini C. Chai, maziwa na dawa za kiungulia vikae mbali. Kinyesi kitakuwa cheusi, usishtuke. Ni chuma kisichofyonzwa. Choo kinaweza kuwa kigumu, na wengine wanapata kichefuchefu. Hapo ndipo kidonge kinapoishia chini ya godoro. Usiache kimyakimya: meza pamoja na chakula, au usiku kabla ya kulala, au urudi useme. Zamani tuliona watu wakiandikiwa mara tatu kwa siku kwa dhana kwamba vingi ndivyo bora. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dozi moja ya chuma huliamsha ini litoe homoni inayofunga mlango wa kufyonza mpaka kesho yake, na wanawake waliomeza siku moja wakaruka moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya dozi zao. Kwa hiyo ukiona mara tatu zinakushinda, muulize daktari kuhusu mara moja kwa siku, au siku moja ndiyo, moja hapana. Mjamzito yeye afuate alivyoelekezwa kliniki.

Wapo ambao vidonge haviwatoshi: anayevuja damu kuliko anavyomeza, tumbo lililokataa kabisa, mimba iliyokaribia na namba iko chini. Kwao ipo dripu ya chuma. Bagamoyo iliwahi kujaribiwa kwa akina mama waliojifungua wakiwa na upungufu, na matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba baada ya wiki sita waliochomwa dripu walikuwa wamefikia damu ya kawaida wengi zaidi ya waliomeza vidonge. Ina bei, na inatolewa hospitali ambako wanaweza kukusimamia. Kuongezewa damu ya mtu mwingine ni kwa ajili ya hatari: anayehema akiwa amekaa, anayezimia, moyo unaokwenda mbio bila kazi, miguu iliyovimba pamoja na weupe, mtoto aliyelegea asiyeweza kunyonya, mjamzito anayetokwa na damu. Hao wapelekwe leo, iwe kituo cha afya cha Makambako, hospitali ya Ilembula, ya Kibena au popote palipo karibu, na ndugu wawili waende pamoja na mgonjwa wakiwa tayari kuchangia damu.

Vidonge hivyo viwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Ni vyekundu, vitamu nje kama pipi, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Akivimeza, nenda hospitali hata kama anacheza.

Na urudi. Wiki nne kwa ajili ya namba ya kwanza; isipopanda, tutaulizana bila ugomvi kama ulimeza, kama chai iliingilia, au kama kuna tundu ambalo hatujaliona. Ikipanda, endelea miezi mitatu mingine baada ya kufikia kawaida, maana damu huwa imejaa kabla ya ghala. Mwanamke mmoja wa Lyamkena alirudi kwangu mwezi uliofuata na mfuko wa matunda damu kama zawadi. Namba yake ilikuwa imetoka 9.4 hadi 11.1. Nikamwonyesha kwenye karatasi, nikatoa 1.1 ya mlima, tukabaki na 10. "Bado kumbe," akasema, akachukua tunda moja kwenye mfuko aliouleta, akalikata, akala palepale kwenye benchi. Nikamwambia siku nyingine alile na maharage.